Pua Iliyokwama Saa Tisa

Ninyi mnaoanza kazi ya fiziotherapia mna ugonjwa mmoja ambao hata mimi niliwahi kuugua: mnapenda kumshika mgonjwa kabla hamjamwangalia. Mikono inawawasha. Mtu hajaketi vizuri, tayari mmemlaza kifudifudi mnamkanda. Ngojeni kwanza. Wekeni mikono mfukoni niwaambie jinsi nilivyoaibishwa na mama mmoja wa duka la spea hapa Nakuru. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili kazini, na watu wakiniita Madam Agneta kwa heshima ambayo, mtaona, sikuistahili yote.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2007. Kliniki yetu ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, na ngazi zake zilikuwa mbovu kiasi kwamba mgonjwa wa goti akifika juu tulijua nusu ya matibabu amejifanyia mwenyewe. Siku hiyo akaingia mama Kalasinga wa miaka hamsini hivi, mtandio mabegani, na nyuma yake mumewe mwenye kilemba cha buluu. Mama alikuwa Kulwant, mume alikuwa Gurdev. Duka lao la spea za magari nililijua. Mji mzima hakuna fundi ambaye hakuwahi kutukanwa pale kwenye kaunta.

"Keti, mama," nikamwambia.

Akaketi, uso kaugeuzia ukuta wa kulia kwake, palipokuwa na kalenda ya kampuni ya mbegu. Mimi nauliza maswali, yeye anaijibu kalenda. Nikaudhika.

"Mama, tafadhali niangalie tukiongea."

"Mimi nakuangalia wewe," akasema. "Shingo ndio inaangalia kalenda."

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikamshika. Nikaweka mikono miwili kichwani mwake, nikakirudisha mbele polepole. Kikaja, nikafurahi. Nikaachilia, kikarudi kulia kwa kishindo kama mlango wa springi. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Mnaona ujinga? Misuli ile haikukakamaa kama ya mtu aliyelala vibaya. Ilikuwa inafanya kazi, tena kwa bidii, na ukishindana nayo inaita wenzake waje kuisaidia. Kwa wiki tatu nilimvuta kwa mashine, nikamwekea mifuko ya maji moto, nikamfunga kola ya shingo. Kola ndiyo iliyokuwa upuuzi mkubwa. Kichwa kiligeuka ndani yake hivyo hivyo, kidevu kikatokeza juu ya ukingo kama kuku anayechungulia kwenye kikapu. Bwana Gurdev, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye maktaba, akaniuliza kwa adabu kama labda kola nimeivalisha upande.

Jumamosi nikapanda kwenda Njoro kwa Mzee Rotich. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na wakati huo alikuwa amestaafu akifuga ng'ombe wa maziwa. Nilimkuta amechuchumaa chini ya ng'ombe, sikio kaliegemeza ubavuni mwa mnyama, anakama. Nikamweleza kila kitu: mvuto, kola, maji moto. Akakama mpaka nikamaliza.

"Na yeye mwenyewe hufanya nini ikimzidi?"

"Nani?"

"Mgonjwa wako. Ana miaka mingapi na hiyo shingo?"

"Mitatu."

"Miaka mitatu anaishi nayo, wewe una wiki tatu, na bado hujamwuliza anaishije nayo?" Akacheka mpaka ng'ombe akarusha teke na ndoo ikamwagika. Akaniambia hayo maziwa ni juu yangu.

Jumatatu nikaenda dukani badala ya kumngoja kliniki. Nikaona mambo. Kwanza, alikuwa ameigeuza meza yake. Mwili ulitazama rafu za breki, ili uso uliogeuka kulia uangalie mlango. Mteja akiingia alisalimia bega, na jibu likatoka begani. Pili, wafanyakazi walikuwa wamejua kwamba kushoto kwake hakuna serikali. Barasa, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuwa kwenye kaunta ile tangu duka lifunguliwe, alikuwa amesimama kushoto kwake anakula mandazi saa za kazi huku akimwigiza anavyofoka.

"Mama Kulwant," nikauliza, "ikikuzidi kabisa wewe hufanya nini?"

Akaona haya. Nilidhani hana hiyo kitu. Akafungua droo, akatoa spana namba kumi, akaigusisha shavuni, upande wa kushoto, kidogo tu, kama mtu anayejipaka poda. Kichwa kikarudi katikati. Taratibu, bila kulazimishwa. Macho yake yakampata Barasa na mandazi mdomoni.

"Barasa! Hiyo ni saa ngapi ya chai?"

Basi nikajua. Shingo inayonyooka kwa kuguswa shavu na spana si shingo mbovu. Amri ndiyo mbovu, na amri hutoka kichwani. Siku hizi mnasoma haya chuoni mwaka wa pili na mnayajibu kwenye mtihani. Mimi niliyajifunza katikati ya breki na fenibelti. Nikaandika barua kwa daktari wa neva Nairobi, na yeye akalitaja jina lake: distonia ya shingo. Ubongo unaituma misuli kazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Daktari akampiga sindano za kulegeza misuli. Ya kwanza ilisaidia kidogo. Ya pili haikufanya kitu. Ya tatu ilimfanya apaliwe na chai kwa majuma mawili, na shingo ikabaki pale pale. Kazi yangu ikawa kupima. Niwape ufundi wangu, maana vifaa hatukuwa navyo. Nilimketisha kwenye kiti kisichozunguka, nikasimama nyuma yake juu ya stuli, nikakitazama kichwa kutoka juu kama uso wa saa. Pua ndiyo mshale. Mbele kabisa ni saa sita, bega la kulia ni saa tisa. Kila juma niliandika daftarini: "Pua saa tisa kasorobo." "Pua saa tisa kamili." Barasa alizoea kuniuliza kutoka mlangoni, "Madam, leo mathe iko saa ngapi?" Siku moja nikamjibu kwa sauti. Mama akasikia, na wote wawili tukakosa chai.

Mnacheka, na mimi nilicheka, na yeye pia alicheka. Lakini kuna siku nilimkuta peke yake nyuma ya duka ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia kwa hasira, kwa sababu kikombe kilikuwa mbele yake na hakuweza kukitazama akakishika. Shingo ilimuuma saa zote za mchana. Hakwenda tena harusini, hakwenda gurudwara, hekalu lao, ila akae nguzoni pembeni. Yule mama aliyekuwa akihesabu boliti kwa macho alikuwa anaishi kwa kuona upande.

Ndugu yake aliyekuwa India ndiye aliyeleta habari ya upasuaji. Nyaya mbili nyembamba zinaingizwa ndani kabisa ya ubongo, moja kila upande. Zinapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, zinashuka shingoni hadi kwenye kijibetri kama kiberiti kilichozikwa kifuani, chini ya mtulinga. Betri inatuma umeme kidogo kidogo mchana na usiku, kuivuruga ile amri mbaya isifike. Nilisoma karatasi alizoletewa mara tatu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilitamani mgonjwa asiniulize maoni yangu.

Akaniuliza. "Fundi," maana hakuniita daktari hata siku moja, "ungekuwa wewe ungekubali?"

Nikamwambia kweli: sijawahi kuona mtu aliyefanyiwa hivyo. Nimesoma kwamba wengi hupata nafuu, si wote, na wengine huvuja damu ubongoni au hupata usaha. Na kwamba haiponyeshi siku hiyo hiyo, ni ya kungoja miezi.

"Na nywele?" akauliza. "Watanyoa?"

Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko damu. Ninyi mnajua Masingasinga hawakati nywele. Ni imani yao, si urembo. Yeye tangu azaliwe mkasi haujamgusa. Ndipo Bwana Gurdev, ambaye sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo, akasema:

"Nywele zitaota, Kulwant. Mimi miaka thelathini nimezoea kutukanwa uso kwa uso. Sasa unamtukana ukuta, mimi najisikia mgeni."

Mama akatoa spana kwenye droo, akaigusa shavuni ili amtazame vizuri. Wakaenda India Septemba. Baadaye alinisimulia kwamba alimlazimisha daktari mpasuaji aonyeshe kwa kidole ni wapi hasa atanyoa, na kila akionyesha alimwambia, "Punguza." Wakanyoa vipande viwili tu, kila kimoja kama kifuniko cha chupa.

Walirudi Oktoba. Betri imewashwa, pua saa tisa kasorobo. Mwezi mzima Bwana Gurdev alinipigia simu kila asubuhi kuniambia hakuna kitu. Mimi nikawaambia wangoje, kwa sauti ya mtu anayejua, huku mwenyewe sijui lolote. Katikati ya Novemba pua ikawa saa nane. Mwisho wa Novemba, saa saba. Kabla ya Krismasi nilipanda stuli nikatazama, nikashuka, nikaifuta miwani, nikapanda tena. Saa sita na dakika tano. Muda wote huo alikuwa nyumbani, maana daktari alimkataza kazi ya duka hadi mwaka mpya.

Mwaka mpya mnajua ulivyoingia, na zile fujo za baada ya uchaguzi. Waliokuwa wadogo waulize wazazi. Mimi hapa sisimulii. Mji ulifungwa, na duka likafungwa. Barasa na familia yake walihamia gereji ya nyumbani kwa Mama Kulwant pamoja na familia nyingine mbili. Barasa aliniambia kwa simu kwamba kule gereji hakuna anayelala mchana, kwa sababu mathe sasa anaona pande zote.

Machi duka likafunguliwa. Jumanne akarudi kazini. Alhamisi asubuhi pua ilikuwa saa nane, Ijumaa saa tisa kasorobo.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili, ambalo ni baya kuliko kola. Niliandika daftarini neno "mawazo". Nikamwambia Bwana Gurdev kwamba duka linamchosha na yaliyotokea yamemsumbua, apumzike. Ni neno zuri sana hilo kwa mtu ambaye hajui. Mgonjwa alipopumzika Jumamosi na Jumapili nyumbani hakunyooka, kwa hiyo nikasema apumzike zaidi. India walipopigiwa, msaidizi wa daktari aliuliza, "Mmekiangalia kifaa?" Bwana Gurdev akamjibu kwamba kifaa kiko salama kabisa. Basi wakaambiwa walete mgonjwa, pengine waya umekatika, pengine itabidi kichwa kifunguliwe tena.

Bwana Gurdev alikuwa ameshaamua. Duka liuzwe. Mtu wa kutoka Naivasha angekuja Jumatatu kulitazama. Mama aliponiambia hilo hakufoka. Alilisema polepole, akiziangalia rafu.

"Wataniketisha kwenye sofa, Fundi. Na pua saa tisa."

Ijumaa ya juma hilo la pili nilirudi nyumbani nikafungua daftari. Nyumbani: saa sita, saa sita, saa sita. Dukani siku mbili: saa tisa. Nyumbani kulikuwa na vita nje ya geti na familia tatu gerejini, na shingo haikujali. Ati mawazo! Kama mawazo yangekuwa ndiyo, Januari angekuwa ameangalia nyuma kabisa.

Jumamosi nikaenda dukani mapema. Nikamwomba Mama aje afanye kazi kama siku zote, mimi nikakaa juu ya debe la oili pembeni, mikono mfukoni. Nilikaa hapo zaidi ya saa mbili. Wateja wakanidhani mtu wa kodi. Nilimwangalia anaketi vipi, anasimama vipi, anakunywa nini. Hakuna kitu.

Saa nne na nusu Barasa akaangusha katoni ya boliti. Zikatawanyika chini ya kaunta kama dengu.

"Mathe, leta ile kitu!"

Mama akaingiza mkono kwenye mfuko wa juu wa dastikoti yake, lile koti la kazi, wa kushoto, akatoa duara jeusi zito la ukubwa wa sosa ndogo. Barasa akalipitisha sakafuni, boliti zikaruka zikaling'ang'ania. Akazipangusa, akamrudishia. Mama akalirudisha mfukoni. Kifuani. Kushoto.

"Hiyo ni nini?" nikauliza, nikishuka kwenye debe.

"Sumaku ya spika ya lori," akasema Barasa kwa fahari. "Hapa Nakuru hakuna kama hiyo."

"Na kwa nini inakaa mfukoni mwa Mama?"

"Kwa sababu nikiacha kwa kaunta nyinyi mnaiba," akajibu Mama.

Nikamwomba aivue dastikoti. Akanitazama, kwa upande, kama nimeingiwa na wazimu. Nikaweka kidole juu ya gauni lake pale palipozikwa betri. Mfuko wa dastikoti ulikuwa unaangukia pale pale.

Nikamgeukia mumewe, aliyekuwa akipanga risiti. "Bwana Gurdev, kile kifaa kidogo mlichopewa India cha kuangalia betri, cha mkononi, kama rimoti, kiko wapi?"

"Kabatini," akasema. "Kabati la chuma, na pasipoti. Nilifunga, mtu asibonyeze kwa bahati mbaya. Nilimwambia yule msaidizi wa daktari kiko salama."

"Hakuuliza kama kiko salama! Aliuliza kama mmeiangalia betri ya kifuani!"

Alikwenda nyumbani akakimbia kurudi, kilemba kimelegea. Pamoja na kifaa alileta kijitabu cha maelezo, ambacho mimi Oktoba nilipewa nikasoma ukurasa wa mazoezi ya shingo peke yake. Ukurasa wa nne, ndani ya mstatili mwekundu, waliandika kwamba sumaku yenye nguvu ikisogezwa karibu na betri inaweza kuizima. Nilipewa kijitabu hicho kwa mkono wangu. Sina la kujitetea.

Tukakiweka kifaa kifuani. Taa ikatuambia: imezimwa. Bila shaka ilikuwa imezimwa tangu Jumanne ile aliyorudi kazini.

"Bonyeza," nikasema.

Bwana Gurdev akakataa, akanisogezea kifaa. Nikabonyeza mimi. Mama akashtuka, akashika shavu. "Inatekenya," akasema. "Kama siku ile India." Akangoja. Sote tukangoja. Barasa akainama kukitazama kifaa kwa karibu.

"Madam, hii haina mahali pa kupunguza sauti?"

Hakikutokea kioja hapo hapo, msije mkaenda kuwadanganya wagonjwa. Jumapili pua ilikuwa saa nane. Jumatatu yule mtu wa Naivasha akaja, akakuta mama amekaa kwenye kaunta pua saa saba na nusu, akamwuliza bei ya duka zima. Akaambiwa hapa tunauza spea, taja gari lako. Kufikia mwisho wa juma lile ilikuwa saa sita. Sumaku ilipelekwa gereji ya fundi jirani, ng'ambo ya barabara, na kila boliti zikimwagika Barasa alitumwa huko kwa miguu. Aliacha kabisa kuangusha katoni.

Baada ya hapo nilibadilisha mambo mawili. Kila karatasi inayokuja na mgonjwa naisoma yote, hata zile za herufi za kuchosha. Na neno "mawazo" siliandiki mpaka nimekwenda kumtazama mtu anapofanyia kazi. Mengine mtajifunza kwa aibu zenu wenyewe, nyingi zitakuja.

Mara ya mwisho aliyokuja kliniki kwa kupimwa ilikuwa Juni. Alipanda zile ngazi bila kushika ukuta. Nikaburuta stuli niipande nitazame pua, akaniwekea mkono.

"Ngoja. Tembea mpaka dirishani."

"Kwa nini?"

"Tembea tu."

Nikatembea.

"Rudi."

Nikarudi. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho yamenikazia, yale ya kuhesabu boliti.

"Hiyo nyonga ya kushoto inakuuma tangu lini?"

Nikasema si kitu, ni ngazi, ni uzee, ni baridi ya Nakuru. Mume wangu hakuijua. Wenzangu kazini hawakuijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeizoea kiasi cha kuisahau.

Mama Kulwant akakivuta kile kiti kisichozunguka, akakiweka mbele yangu, akaingiza mikono yake miwili mfukoni.

"Keti, Fundi," akasema. "Vua viatu. Na uanze mwanzo."